Dozi ya jirani wa kinu cha nyuklia hupatikanaje?

Umeuliza wanajuaje dozi ya mionzi anayopata jirani wa kinu ilhali havai kipimo chochote. Hukokotolewa. Kinachopimwa ni kinachotoka: hewa ya dohani na maji yanayomwagwa. Kisha hufuatwa kinakopita, upepo, mto, samaki, mboga. Mimi hukazia maziwa: iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, hutua kwenye nyasi, ng'ombe anakula, mtoto mchanga anakunywa, na kwa kuwa tezi yake ya shingo, ambako iodini hujikusanya, ni ndogo, dozi yake huzidi ya mtu mzima. Ndiyo maana hesabu humlenga anayepata zaidi, si mtu wa wastani. Mara nyingi jibu huwa chini ya milisiverti (kizio cha dozi ya mionzi) 0.01 kwa mwaka; mionzi ya asili duniani ni wastani wa 2.4. Lakini usiridhike na hesabu tupu, dai pia vipimo vya maziwa na samaki wenyewe.