Wanafunzi hawaoni pesa ilikuja kutatua nini? Waache wakwame kwanza

Mwalimu mwenzangu, umesema darasa lako linakariri tu "kubadilishana mali kwa mali" ila pesa ilihitajika ya nini hawajui. Mi nakushauri usianze na maana ubaoni, anza na mchezo. Kila mmoja mpe kikaratasi, upande huu kitu alichonacho, upande ule anachotaka, kalamu, rula, kifutio, na hakikisha wanaotakiana vitu ni wachache sana, halafu waambie wabadilishane. Nilipofanya hivyo kuna binti alizunguka na rula yake darasa zima, mwenye kalamu haitaki rula, anayeitaka rula hana kalamu, akabaki kasimama katikati amechoka kabisa. Usikimbilie kumsaidia, hapo ndo somo lenyewe!

Raundi ya pili gawa vizibo viwe pesa, waambie kila mtu anavipokea, utaona biashara inavyokwenda chap. Waache pia wahesabu, vitu 10 bila pesa vina viwango 45 vya kubadilishana, kimoja kwa kila jozi ya vitu, ukiweka pesa ni bei 10 tu.

Wakiuliza kizibo kina thamani gani, waambie mateka kwenye kambi za Vita ya Pili ya Dunia walitumia sigara kama pesa, hata asiyevuta alizipokea maana alijua mwenzake atazipokea.

Ila tafadhali usiwafundishe kwamba zamani watu waliishi kwa kubadilishana papo kwa papo tu, majirani walikopeshana na kukumbuka nani anamdai nani, na wanaanthropolojia, yaani wanaochunguza jamii na tamaduni za watu, hawajaipata jamii iliyoendesha uchumi wake wote kwa kubadilishana hivyo.