Aliyeteka ardhi vitani, mkataba humwachia?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mvuvi wa Kiunga, huku Lamu. Nchi mbili jirani zikipigania ardhi kisha zikatia saini mkataba, aliyeiteka hubaki nayo? Na sisi wavuvi tulio mpakani huangukia wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kisheria habaki nayo, siku hizi. Mkataba wa Vienna wa 1969, unaoongoza jinsi nchi zinavyofunga mikataba, kifungu cha 52, unasema mapatano yaliyopatikana kwa mabavu, kinyume cha sheria ya Umoja wa Mataifa, ni batili. Zamani mambo yalikuwa mengine. Kismayu, ambayo leo iko Somalia, ilikuwa chini ya Nairobi hadi 1925, Uingereza ilipoikabidhi kwa Italia pamoja na Jubaland, eneo linaloizunguka, ujira wa kuwa upande wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ulio kaskazini yenu ulitokana na biashara hiyo, na wenyeji hawakuulizwa.

Leo wanaoandika mkataba wa amani huanza kwa kutafuta mstari wa zamani ulipita wapi. Tazama Ethiopia na Eritrea. Zilipigana tangu 1998, zikasaini mkataba Algiers Desemba 2000. Mkataba uliunda tume ya watu watano, ukaiamuru ifuate mikataba ya kikoloni ya 1900, 1902 na 1908 pamoja na sheria ya kimataifa, tena ukaikataza kuamua kwa kupima tu lipi lingekuwa la haki. Ni ukali, lakini naukubali: ukiufungua mlango huo, kila upande utaingia na historia yake na kesi haitaisha.

Vita vilipokwisha, Ethiopia ndiyo iliyokuwa na nguvu, na mji wa Badme ulikuwa mikononi mwake. Aprili 2002 tume ikachora mstari ulioiweka Badme upande wa Eritrea. Mkataba ulisema uamuzi ni wa mwisho. Ethiopia ikagoma, nguzo za mpaka hazikusimikwa, na 2007 tume ikafunga kazi baada ya kuacha orodha ya vipimo vya ramani tu. Ethiopia ilikuja kutangaza kuukubali uamuzi huo wote 2018. Kwa hiyo ukisoma mkataba wowote wa namna hii, angalia nani atasimika nguzo, kwa gharama ya nani, na majeshi yataondoka lini. Huko ndiko unakokwama.

Ama wavuvi, kesi yenu ni ya visiwa vya Hanish, Bahari ya Shamu. Eritrea na Yemen zilipigana huko Desemba 1995, kisha zikakubaliana kwenda kwa waamuzi. Mwaka 1998 waamuzi waliipa Yemen visiwa vya Hanish, lakini wakaamua kwamba uvuvi wa jadi wa nchi zote mbili uendelee; mwaka 1999 wakafafanua kwamba wavuvi wavue, wapumzike visiwani na wauze samaki wao bandarini ng'ambo. Waamuzi wengine si lazima wafuate mfano huo. Mkizungumza na wawakilishi wenu, dai haki hiyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa maneno yake, kabla ya saini.