Binti Aliyeniuliza Kuhusu Ngoma za Bujora

Juma hili nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Igoma anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Rafiki yake wa chuo amemwalika Bujora kwenye Bulabo. Mama mmoja wa kikundi cha maombi kasikia, kamwonya kwamba ngoma za Kisukuma ni za mizimu na akienda asirudi kusimama madhabahuni. Binti ananiandikia: "Shikamoo baba. Ni dhambi kwenda kuangalia ngoma? Na kama si dhambi, nifanyeje wasinitenge?"

Marahaba, mwanangu. Kwa swali hili umebisha hodi penyewe, maana yaliyokutisha wewe kwa maneno mimi yalinikuta.

Kwa walio mbali na kwetu, Bujora iko Kisesa, ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Ni parokia ya Kikatoliki yenye makumbusho ya Wasukuma, kazi ya Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada aliyeanza kujenga pale miaka ya 1950. Kanisa ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba za jadi, na alama za utemi zimeingizwa ndani yake, hata altare imefuata umbo la kiti cha mtemi. Nje kuna banda zinamotunzwa ngoma za watemi. Na kila Juni, majira ya sikukuu ya Ekaristi, yanafanyika mashindano ya ngoma yanayojaza watu kutoka Magu, Kwimba, Misungwi na kwingineko. Hiyo ndiyo Bulabo.

Mimi si Mkatoliki. Nimekulia kanisa ambalo ngoma pekee iliyoruhusiwa ilikuwa ile ndogo ya Shule ya Jumapili, nayo ilipigwa kwa tahadhari. Babu yangu alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya jembe. Baba alipookoka aliacha kila kitu cha babu, na nyumbani kwetu habari za ngoma hazikuzungumzwa mezani. Namheshimu baba yangu. Aliacha kwa imani, na alilipa gharama kwa ndugu zake.

Lakini Mungu akanipa sikio la muziki. Nilipokabidhiwa kwaya, nilichoka kufundisha nyimbo zilizotafsiriwa ambazo maneno yanakwenda kulia na sauti inakwenda kushoto. Nikataka kusikia wazee wetu walivyopanga sauti zao. Nikaenda Bujora mchana kweupe, na shati langu la kwaya, kwa sababu sikuwa na cha kuficha.

Niliyoyaona sijayasahau. Wanaume wamejipanga na majembe, mikono inarusha na kudaka, mipini inashuka yote kwa pamoja huku ngoma kubwa zikijibizana. Bugobogobo ilizaliwa shambani, watu walipokuwa wakilimiana kwa zamu, na mdundo ndio uliokuwa ukiusukuma mkono uliochoka. Manju, yaani mwimbaji kiongozi, akaimba juu ya bei ya pamba, juu ya mwanaume aliyekwenda machimboni Geita akasahau njia ya nyumbani, juu ya wakwe wenye tamaa. Wanawake karibu yangu wakawa wanaitikia na kufuta machozi. Nikajiuliza ni lini mahubiri ya kwetu yalimgusa mtu namna ile. Wakaja Bayeye, wacheza nyoka, na chatu wao shingoni. Hapo mimi nilirudi nyuma kabisa, na sioni haya kusema hivyo.

Mashindano yenyewe yana utaratibu wake. Makundi makubwa ni mawili, Bagika na Bagalu, na yanacheza kwa wakati mmoja uwanja huohuo, kila moja upande wake. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi watazamaji wanahamahama: huku kukitokea kinyago cha mbao kinachochezeshwa, umati unakimbilia huku, kule manju akipandisha wimbo mkali, unarudi kule. Huoni jaji mwenye karatasi. Miguu ya watu ndiyo inayopiga kura.

Jumapili iliyofuata niliitwa kwenye baraza la wazee. Aliyeniona alikuwepo pia Bujora, lakini hilo halikujadiliwa. Nikaulizwa kama nimekwenda. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama najua ngoma zile zina dawa. Nikaanza kueleza nilichokisikia, nikaambiwa hilo halikuwa swali. Nikasimamishwa kwaya. Pasaka iliyofuata nilikaa kiti cha nyuma nikisikiliza vijana niliowafundisha wakipotea kwenye ubeti wa tatu, na mke wangu akinishika mkono nisisimame. Hakuna aliyekuja nyumbani kuniuliza habari. Ninaandika haya miaka imepita na bado panauma.

Sasa turudi kwenye dawa, kwa kuwa mama yule wa maombi hakulitoa jambo lile hewani. Nilimwendea mzee wa ukoo wetu aliyecheza Bagika ujana wake wote, nikamuuliza bila kuzunguka. Akanijibu bila kuzunguka. Makundi yale mawili yalianzishwa na waganga, Ngika na Gumha, na toka mwanzo ushindani wao ulikuwa pia wa dawa: dawa ya kuvuta watu, dawa ya kumkinga manju sauti isikauke, dawa ya kumvuruga mpinzani. Na leo? Akasema wapo wanaotumia, wapo walioacha, na kila kundi linajijua.

Kwa hiyo binti yangu, usimdharau huyo mama. Hofu yake ina mizizi. Kosa lake ni moja tu: amechoma nyumba nzima kwa ajili ya panya mmoja. Jembe halina mzimu. Sauti nne za wanaume wakipokezana hazina mzimu. Dawa ndiyo ya kukataa, na Mkristo anaikataa popote aikutapo, hata ikiwa kwenye kiwanja cha mpira, hata ikiwa kwenye droo ya dukani kwa mzee wa kanisa.

Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa na shida kama yako, ila yao ilikuwa nyama. Nyama za sokoni nyingi zilikuwa zimepita kwenye madhabahu za sanamu. Akawaambia wale kilichouzwa sokoni bila kuuliza-uliza, lakini mtu akiwaambia kitu hiki kimetolewa sadaka, wasile. Fungua sura ya 10 ya waraka wa kwanza, usome mwenyewe polepole. Mimi ndivyo ninavyofanya Bujora. Nasimama, nasikiliza, najifunza. Kundi likianza kujisifia dawa zake kwenye wimbo, na wengine hujisifia waziwazi, naondoka naenda upande mwingine. Sihitaji kupiga kelele za kukemea. Na kumbuka mashindano yanaamuliwa na miguu ya watu: Mkristo akiondoka pale inapotajwa dawa, amepiga kura yake.

Linalonishangaza ni mambo tunayoyapokea bila kuyauliza. Nenda ukumbi wowote wa hapa mjini Jumamosi jioni, kwenye sendofu ya binti wa muumini. Mshereheshaji anamwaga matusi ya mafumbo, nyimbo zinazopigwa mama mkwe hawezi kuzirudia kwa mdomo, wazee wa kanisa wamekaa meza ya mbele wanatunza bibi harusi noti za elfu kumi. Gauni jeupe, keki ya ghorofa, nani alituambia vimeshuka mlimani Sinai? Hakuna aliyeitwa barazani kwa ajili ya sendofu. Jembe la babu yangu ndilo lenye pepo!

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo nikilikumbuka siwezi kuandika kwa upole. Huku kwetu bibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ukiwa macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni mbichi na samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutolea moshi, macho yake yatakuwa na rangi gani? Mtaani kwetu palikuwa na bibi wa namna hiyo, watoto wakimkimbia. Baraza lililotumia jioni nzima kujadili safari yangu ya Bujora halikutumia hata dakika moja kumjadili yeye. Mizimu tuliyotakiwa kuipinga ilikuwa pale, kwenye midomo ya majirani, wengine wao wana kadi za ushirika wa kanisa. Kanisa, tuamke. Tusipigane na ngoma tukaacha uongo unaoua.

Nilirudishwa kwaya baadaye, kimyakimya, baada ya kukosekana mwalimu. Nikatunga wimbo wa ufufuko kwa mapigo ya bugobogobo, sauti ya tatu ikishuka kama majembe yanavyoshuka. Wimbo ule sasa unaimbwa kila Pasaka, na nimeusikia kwa kwaya za Sengerema na Ukerewe ambazo hazinijui. Mmoja wa wazee wale huupigia makofi mpaka anasimama. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namsubiri mzee aje tuongee.

Basi, ufanyeje? Usiende kwa siri. Siri ndiyo inayowapa watu nafasi ya kukutungia hadithi. Usiende peke yako pia. Huyo rafiki yako wa chuo mchukue, na kama mama yako mzazi ana nguvu mchukue naye, maana mambo mengi ya nyimbo zile atakufafanulia yeye, si mimi. Ingia kwanza kanisani na makumbusho, ndipo ushuke uwanjani. Uliza. Ukiambiwa hapa pana dawa, ondoka hapo. Usipoambiwa, simama usikilize jinsi wanavyopokezana sauti, uje uifundishe kwaya yenu.

Na kabla ya safari nenda kwa mchungaji wako, umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, asije akaletewa na mtu. Mwalike. Akija, mtakuwa mmeona kitu kimoja. Akikataa, mwombe nafasi ya kumsimulia Jumatatu, uende na daftari uliloandika nyimbo ulizozisikia, umwimbie.