Kabla hujakimbilia Reno kununua risasi, soma yaliyonikuta

Juzi kuna dogo kaniandikia, "Shikamoo kaka, nasikia mahakama imeipiga chini ile sheria ya risasi hapa California, sasa wikiendi hii si naweza kukimbia Reno, jimbo la Nevada, nikabeba boksi kadhaa, kule hawana usumbufu?" Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana miaka michache nyuma dogo huyo nilikuwa mimi.

Kwa wasionijua, mimi ni mlinzi wa silaha hapa Sacramento, mwaka wa nane huu. Kile kibali cha silaha cha jimbo sio cha kuweka kabatini, mara mbili kwa mwaka lazima uende uwanja wa shabaha upige mbele ya mkufunzi, ukichelewa unapangiwa zamu za mikono mitupu, na wenzangu wa kazi hii mnajua zamu za mikono mitupu zinalipaje. Sasa mwaka 2016 wananchi wa California walipiga kura ya Pendekezo la 63, likapita kwa kura kama asilimia 63, na kuanzia tarehe 1 Julai 2019 kila ukinunua risasi lazima uchunguzwe kwanza. Sio bunduki jamani, risasi. Kila mara.

Mimi nilisema poa tu, mimi msafi, sijawahi hata kulala mahabusu. Agosti 2019 nikaingia duka moja na jamaa wawili wa kazini, tulikuwa tumevaa sare kabisa, nataka boksi moja la milimita 9, la risasi 50. Muuzaji kachukua leseni yangu ya udereva, kaandika kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akalivuta lile boksi taratibu kurudi upande wake wa kaunta. Hakusema kitu kwanza. Nakumbuka mkono wake, ulikuwa na plasta kwenye kidole gumba. Halafu akasema, "Imekataa." Wale jamaa wakaangalia ukutani. Mmoja baadaye akaniuliza kwenye gari, kwa upole ule unaouma zaidi ya tusi, "Kwani kaka una kesi?"

Sikuwa na kesi! Nilikuwa nimehama Stockton. DMV, ofisi ya leseni za udereva, nilikuwa nimewaambia ndani ya siku 10 kama sheria inavyotaka, leseni yangu ina anwani mpya safi kabisa, lakini kwenye kumbukumbu za silaha za jimbo bastola yangu imesajiliwa kwa anwani ya zamani. Ule ukaguzi, wakati ule wa dola moja, unalinganisha tu, leseni inasema Sacramento, kumbukumbu inasema Stockton, basi wewe sio wewe. Yaani nilikataliwa kwa sababu nilitii sheria. Na dola yangu moja haikurudi, naitaja kwa sababu bado inaniuma.

Ushauri wa kwanza basi: anwani. Ukihama, usiishie DMV, ingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Sheria ya jimbo ubadilishe na rekodi ya silaha. Mimi hilo nimelijua baada ya kukosa requalification, sorry, baada ya kukosa kupiga ile shabaha ya lazima kwa wakati, nikakaa karibu miezi miwili nalinda mlango wa ghala bila silaha. Kingine nilichokijua nimeshachelewa, risasi ukizinunua ndani ya uwanja wa shabaha na ukazimaliza humohumo, zile haziingii kwenye ukaguzi. Ningejua siku ile nisingeaibika. Hakuna aliyeniambia, na wabongo tuliokuwa nao kwenye kozi walikuwa wanajua, sijui tunafichiana nini.

Miaka ya katikati naiacha, ni corona na zamu za usiku tu. Twende Januari 2024. Kuna dada anaitwa Kim Rhode, mlenga shabaha wa Olimpiki, ana medali kutoka michezo sita mfululizo, Atlanta 1996 mpaka Rio 2016, huyo ndiye aliyelishtaki jimbo tangu 2018. Jaji Roger Benitez wa San Diego akasema sheria hii inavunja Katiba, kwa kipimo ambacho Mahakama ya Juu iliweka kwenye kesi ya Bruen mwaka 2022, kwamba serikali ionyeshe historia ya Marekani ina sheria zinazofanana na hiyo. Akasema pia huwezi kuwazuia wakazi kuleta risasi kutoka majimbo mengine. Watu wakafurahi, maduka ya nje ya jimbo yakaanza kupokea oda za California, na mimi mjanja nikasubiri "nione kwanza". Nikaagiza Jumapili tarehe 4 Februari. Jumatatu tarehe 5 mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi wa Benitez, sheria ikarudi kama haikuondoka. Oda yangu ikafutwa, pesa ikakaa hewani siku kadhaa na wiki hiyo kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa.

Sasa turudi kwa dogo. Ni kweli, tarehe 24 Julai 2025 majaji wa rufaa walikubaliana na Benitez, wawili kwa mmoja. Yule aliyepinga, Jaji Bybee, hoja yake ilikuwa kwamba kwa watu wengi sana ule ukaguzi ulikuwa dola moja na haufiki dakika moja. Mheshimiwa, mimi ni wale wengine. Lakini kusema ukweli hata mimi siombei risasi ziuzwe kama karanga za kituo cha daladala, kwetu hata bastola yenyewe unaitolea jasho mpaka ukapewa leseni, na nimeona kazini mtu mwenye hasira akiwa na silaha. Ninachokataa ni kompyuta kunifanya mhalifu mbele ya wenzangu.

Ila dogo sikiliza. Hukumu ikitoka kwenye habari haimaanishi imeanza kazi dukani. Ile amri ya Februari 2024 ya kusimamisha iliachwa mpaka mahakama ya rufaa ikamilishe kazi yake, na Desemba 2025 mahakama hiyo ikakubali majaji wengi zaidi waisikilize kesi upya. Mpaka hapo sheria inatekelezwa kama kawaida, na wewe mkazi wa California ukinunua Reno ukarudi nazo kwenye buti bila kuzipitisha kwa muuzaji mwenye leseni, umevunja sheria hata kama majaji wale wa Julai 2025 walisema sheria yenyewe mbovu. Mzawa atapigwa faini ataenda zake. Wewe una grini kadi, unasubiri uraia, unataka kwenda kumweleza afisa wa uhamiaji habari za boksi la risasi?

Na hata sheria hii ikifa kabisa, zile za shirikisho za tangu 1968 hazijaguswa. Risasi za bastola dukani ni miaka 21, za bunduki ndefu 18. Mwenye viza ya muda, ya shule au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika. Na nyinyi mnaovuta bangi kwa sababu California ni halali, kwa shirikisho sio halali, na mvutaji haruhusiwi silaha wala risasi, msije mkasema kaka hakusema.

Kwa hiyo anwani. Narudia, anwani, badilisha leo.

Yote haya nilimwandikia dogo, meseji ndefu kuliko hii, nikamwekea mpaka tarehe. Amejibu jana usiku: "Sawa kaka nimekuelewa. Lakini Reno si masaa mawili tu?"