Akubali bure, lakini chaki aishike

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kijana akubali kufanya kazi bila malipo ili apate uzoefu?" Naona mliowakusudia ni wale wa vyuo, wanaojitolea mashuleni na maofisini wakisubiri ajira zitangazwe, halafu tangazo likitoka linadai uzoefu wa miaka mitatu. Hao wana watu wa kuwasemea. Mimi ni fundi cherehani, Tandika, na huku kwetu swali lenu linachekesha, maana mara nyingi mwanafunzi ndiye anayelipa. Mzazi anakuja na binti, anasalimia, anatoa ada ya kujifunza, binti anakabidhiwa ufagio.

Kwa hiyo nitajibu langu: huyo anayefanya bure, anafundishwa?

Kukanyaga cherehani si kazi kubwa. Kuweka bobini, kuunga mabega, kupinda, kutia vifungo, kupiga pasi, hayo utapewa mapema kwa sababu yanampunguzia bosi kazi. Ufundi ni kushika chaki, kuchora kitambaa na kukata. Asiyejua kukata atakuwa saidia fundi mpaka uzeeni. Na mzee aliyenifundisha mimi, Kariakoo, alikuwa akikata alfajiri kabla hatujafika, au jioni akishatutuma uzi. Tukirudi tunakuta vipande vimefungwa kwa kamba, mbele, nyuma, mikono, tayari kushonwa. Vipimo viko kwenye kidaftari, kidaftari kiko mfukoni mwake.

Januari moja, wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa (mnaijua Kariakoo wiki hiyo, hata pa kuweka mguu hakuna), mzee akapata msiba Kisarawe. Akaja mama mmoja na kitambaa cha bluu, anataka sketi za marinda za mabinti zake wawili, na anazitaka keshokutwa. Wenzangu wakamwambia amsubiri mzee. Mimi nikapokea.

Kwenye gunia la vipande kulikuwa na sketi ya shule iliyokataliwa, zipu imekufa. Nikaifumua yote kwa wembe, nikaipiga pasi mpaka ikalala, nikaanza kuhesabu alama za mikunjo. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mzee hakuwahi kukitamka: rinda la inchi moja linakula inchi tatu za kitambaa, moja inayoonekana na mbili zilizokunjwa chini yake. Kiuno cha inchi 24 kinataka inchi 72, na hapo hujaweka za mshono. Kitambaa cha upana wa inchi 60 hakifiki, lazima uunge, na kiungo ukilaze ndani ya mkunjo ambako hakuna atakayekiona. Sketi ile ndivyo ilivyokuwa, imeungwa ndani ya rinda la ubavuni. Nami nilikuwa nimeshashona nyingi za aina hiyo bila kujiuliza kwa nini naletewa vipande viwili.

Nikakata. Mzee aliporudi aliigeuza ya kwanza ndani nje, akavuta kiuno kwa vidole gumba, akapima urefu kwa futi kamba mbele na nyuma, akaitundika bila neno. Mama alipokuja akafurahi: "Fundi, hizi zimekaa." Mzee akamjibu, "Nilizikata usiku, nilipotoka msibani." Mimi niko palepale, natia kifungo.

Nilisubiri mama aondoke. "Baba, zile nimekata mimi."

Hakukasirika. "Najua, mwanangu. Ningemwambia ni wewe, angetaka apunguziwe."

Jibu hilo nimelichukia miaka mingi, na nilipoanza kuandika barua hii nilitaka niishie hapo, niwaambie vijana wakatae kabisa. Lakini leo nina duka langu na wanafunzi wangu, na kuhusu yule mama, mzee alikuwa sahihi. Wateja wetu ndivyo walivyo. Mwambie mtu gauni lake la sendofu limekatwa na mwanafunzi uone: atalikagua mshono kwa mshono, na bei itashuka kabla hajalijaribu.

Halafu mimi nakata mezani, mchana kweupe, anayetaka kuangalia aangalie. Mmoja alipoiva akafungua chumba upande wa pili wa barabara, akaondoka na namba za wateja wangu wa vitenge. Kumbe woga wa mzee haukuwa uchoyo mtupu. Kati yetu na wanafunzi hakuna mkataba wala karatasi, ukishafundisha, umetoa. Na msiniambie waende VETA, vyuo vya ufundi vya serikali. Kukata wanafundisha, tena vizuri, na huu utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani akapimwa na kupewa cheti, mimi naunga mkono. Ila cheti hakimwonyeshi mtu namna ya kumpokea mteja aliyekuja na picha ya kwenye simu na mita mbili za kitambaa, wakati gauni la kwenye picha limekula tano.

Basi, akubali. Akubali kama ana pa kulala na wa kumlisha. Aliyepanga chumba asidanganywe, mwenye nyumba hapokei uzoefu. Na ahesabu miezi: mitatu ikipita bado anafagia na kutia vifungo, aondoke, hata kama bosi ni mtu wa ibada. Wa maofisini chaki yao sijui ni ipi, pengine ni kuingizwa kwenye kikao, pengine ni kuachiwa faili. Wenyewe wanaijua.

Wanafunzi wangu siwatozi ada. Nawapa nauli na chakula cha mchana, na aliyeshona nguo ya mteja anapata chake kwa nguo hiyo. Mume wangu anasema huo si mshahara, na kweli si mshahara. Aliyekata namtaja kwa mteja, nguo ikishalipiwa.

Fundi wa Tandika, Dar es Salaam