Lenzi pana za zamani: kwa nini f/3.5 ndiyo imebaki kwenye kamera yangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ana uwezo wa kununua lenzi moja tu ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, na amebakiwa na tatu akilini: Nikkor 28mm f/2.8 AI-S, Olympus Zuiko 28mm f/3.5, na Flektogon 35mm f/2.4 ya Carl Zeiss Jena. Anataka ya kutembea nayo kila siku. Namba ya f ni kipimo cha tundu linaloingiza mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi zaidi huingia; na milimita zikiwa chache, lenzi huona pana zaidi. Akamalizia hivi: "Hiyo ya f/3.5 nimeiweka mwisho, naona ina giza." Nilimjibu mistari miwili usiku uleule, lakini usingizi haukuja upesi, maana miaka sita iliyopita mimi mwenyewe niliandika maneno kama hayo kwenye daftari langu, na yalinigharimu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kupata kazi ndogondogo za picha. Nikatafuta lenzi ya milimita 28 yenye f/2, kwa sababu f/2 ilinisikikia kama namba ya wakubwa. Jina lake silitaji, kosa halikuwa la kiwanda. Muuzaji aliandika "safi kabisa, haina tatizo", nami nikamwamini kwa kuwa nilitaka kuamini. Siku tatu baada ya kuipokea nikaitwa kupiga picha karakana ya seremala, za kutumika kwenye kijitabu cha matangazo. Benchi lake liko mbele ya dirisha kubwa. Mzee alikuwa anapiga randa, maranda yanatoka yakijikunja kama pete, mwanga unapita katikati ya vumbi la mbao, na mimi nabonyeza huku nikijiambia kwamba leo nimepata.

Nilipozifungua picha kwenye kompyuta, zote zilizoelekea dirishani zilikuwa na utando mweupe, kama mtu aliyepumulia kioo. Hapakuwa na weusi popote, ni kijivu juu ya kijivu. Uso wa mzee ulikuwa umemezwa. Aliyenipa kazi alilipa nusu na hakunipigia simu tena. Kisha mpiga picha mwenzangu, mtu niliyemheshimu, akasema mbele ya wenzetu kwamba natembea na vitu vya makumbusho. Watu wakacheka. Neno hilo bado linanichoma hadi leo ninapoliandika.

Usiku ule niliivua lenzi, nikafungua tundu lote, nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku nikichungulia mbele kwa kuinamisha kidogo. Kioo kimoja cha ndani kilikuwa na ukungu kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mwanga wa kawaida wa chumbani huuoni kabisa. Dakika moja ya tochi ingeniokoa, na ndiyo maana namsihi kila anayeniuliza: kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya lenzi ikiwa imemulikwa. Ukungu unafanana na pumzi juu ya kioo. Fangasi wana nyuzi kama za buibui. Punje chache za vumbi hazina neno, karibu kila lenzi ya umri huo inazo. Tazama pia vibapa vya tundu, vile vipande vyembamba vinavyolifungua na kulifunga, kama ni vikavu. Hiyo Flektogon ya f/2.4 inajulikana kwa mafuta ya ndani kupanda hadi kwenye vibapa, kwa hiyo kwake swali hili usiliruke. Muuzaji akikataa kuwasha tochi, achana naye.

Baada ya aibu ile sikununua kitu kwa miezi mingi. Nilisoma. Nilijifunza kwamba kamera zenye kioo cha kurusha taswira zilihitaji nafasi nyuma ya lenzi ili kioo kiinuke, ndiyo maana lenzi pana zake zikabuniwa kwa namna ya pekee, ile iliyopata jina la Retrofocus kutoka kwa Angénieux wa Ufaransa mwaka 1950. Jambo hilo linatufaa sisi leo. Kwa kuwa lenzi hizo hukaa mbali na filamu, mwanga wake hauifikii sensa, ile sehemu inayoshika picha badala ya filamu kwenye kamera ya kidijitali, kwa mshazari mkali. Zile lenzi pana ndogo za kamera zisizokuwa na kioo hicho, zilizokaa karibu kabisa na filamu, nyingi hupoteza ukali pembezoni zikifungwa kwenye kamera ya kidijitali. Ukiona inapendeza kwa udogo wake, uliza kwanza ilitengenezewa kamera gani.

Nikaja kununua Nikkor AI-S. Hii ni lenzi ya heshima, sina neno baya juu yake. Ina vioo 8, na baadhi husogea kwa mwendo wao wenyewe unapokaribia kitu, utaratibu ambao Nikon waliuanza kwenye lenzi yao ya 24mm f/2.8 mwaka 1967. Matokeo yake unaweza kusogea hadi sentimita 20 na pembe za picha zisivurugike. Nimepiga nayo patasi ikiwa imechomekwa kwenye mti, nyuzi za mbao zinahesabika, na nyuma yake chumba kizima kinaonekana. Kwa kazi ya namna hiyo siiachi.

Flektogon niliazima kwa majuma matatu. Nayo inasogea karibu hivyohivyo, rangi zake nilizipenda, lakini 35 si 28. Ndani ya chumba kidogo nilijikuta nimeegemea ukuta na bado mtu wa pembeni amekatwa bega. Sina zaidi la kusema juu yake.

Zuiko ilikuja mwisho, tena bila kutafutwa, ikiwa imefungwa kwenye kamera ya filamu niliyoinunua. Gramu 180 hivi. Kichujio cha milimita 49. Pete ya tundu iko mbele, mbali na mwili wa kamera, hivyo kidole cha shahada huifikia bila mimi kushusha kamera kutoka jichoni. Kwenye Nikkor pete hiyo iko nyuma kabisa, inabanana na adapta (pete ya kuunganishia lenzi ya zamani na kamera ya sasa), na mikono yangu mikubwa huitafuta. Na hiyo tofauti ya f/2.8 na f/3.5 inayowatisha watu ni theluthi mbili za hatua moja ya mwanga: pale ungetumia ISO 800, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, weka 1250, picha itoke ileile. Halafu nilipochungulia picha zangu za mwaka mzima, nyingi mno zilikuwa za f/8. Nilinunua f/2 nikaishi f/8!

Kuishi f/8 ndiyo raha ya lenzi pana. Kwenye sensa kamili, yenye ukubwa wa picha moja ya filamu, 28mm ikifungwa f/8 na fokasi ikawekwa mita 3.3 hivi, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 hadi mbali kabisa kinatoka na ukali unaokubalika. Huzungushi kitu, unabonyeza tu. Ila kuna mambo mawili. Vipimo hivyo ni vya enzi za filamu, sensa za sasa zina jicho kali zaidi, kwa hiyo mimi nikifunga f/11 husoma mistari ya f/8, ile iliyochorwa kwenye lenzi kuonyesha ukali unaanzia na kuishia wapi. Pili, adapta nyingi hutengenezwa fupi kidogo ili lenzi isikose kufika mbali kabisa, na hapo namba za umbali kwenye pete husema uongo. Pima mwenyewe. Nilipima kwa kamba, nikakuza taswira kwenye skrini, kisha nikaweka nukta ya rangi nyeupe mahali mita 3.3 zilipo kweli. Nukta hiyo bado ipo, imefifia upande mmoja kwa kuguswa.

Na kama sensa yako ni ile ndogo ya APS-C, zidisha kwa 1.5. Hiyo 28 itaona kama 42, wala si pana tena. Tafuta 20 au 24.

Ndugu zangu, acheni kununua namba. Nasema hivi kwa uchungu. Kijana anauza lenzi ya f/3.5 ili aongezee apate ya f/2, halafu ile f/2 kwa uzito wake inabaki kabatini. Lenzi ya kila siku ni ile unayotoka nayo hata siku ambayo hukupanga kupiga picha. Chagua moja, kaa nayo mwaka. Niliwahi kubeba Nikkor na Canon FD kwenye mkoba mmoja, na pete zake za fokasi zinazunguka kinyume. Mara ngapi nilizungusha upande usio wake na mtu akapita! Mkono hujifunza lenzi moja kwa wakati. Na mulika tochi. Nimeshasema, narudia: mulika tochi.

Mwezi uliopita picha zangu 12 zilitundikwa kwenye maonyesho ya pamoja. Tisa zimepigwa kwa Zuiko. Mojawapo ni ya seremala yuleyule. Nilirudi kwake, nikaomba ruhusa, nikasimama palepale dirisha likinitazama usoni, na safari hii weusi ulikuwa weusi na ndevu zake zilikuwa na vumbi la mbao unaloweza kulihesabu. Yule mwenzangu wa makumbusho alikuja. Alisimama mbele ya picha hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye nyingine, kisha akaniuliza ni lenzi gani. Nilimtajia jina na f/3.5 yake, taratibu, kila tarakimu.

Mzee nilimpelekea nakala. Ameipigilia msumari juu ya benchi, na tayari ina vumbi.

Msomaji wangu naye ameniandikia tena jana. Zuiko ameipandisha nafasi ya kwanza, amemwomba muuzaji picha ya tochi, na anasubiri jibu.