Hesabu za pariki ni hesabu zetu

Wiki iliyopita niliandika kwamba ICCN, shirika la Leta (serikali) linalolinda pariki na wanyama wa pori, linadaiwa hesabu na raia. Nilisema pia kwamba sisi wa Lubumbashi, tulio jirani wa pariki za Upemba na Kundelungu, tusiwaachie watu wa Kinshasa peke yao kuzidai. Ujumbe umekuja mwingi. Nimechagua saba na kuufupisha, bila majina. Nilikuwa mhasibu katika ofisi ya Leta mpaka nilipostaafu, kwa hiyo najibu kama mtu aliyekaa upande wa daftari.

Muuza makala (mkaa), Katuba: "Papa, sijawahi kukata tiketi ya kuingia pariki wala kulipa kodi yake. Hesabu zao zinanihusu nini?"

Zinakuhusu, mama. Kodi ya Leta haina dirisha lake la pariki. Yote inaingia katika mfuko mmoja, kisha bajeti ndiyo inayogawa. Ukinunua ndoo kwenye duka linalotoa risiti ya kweli, ndani ya bei mna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Mzigo uliopita mpakani Kasumbalesa umelipiwa forodha, na mwenye mzigo hakuilipa kwa hasara yake, amekubebesha wewe. Mshahara wa mlinzi wa Kundelungu umo ndani ya ndoo yako.

Mwalimu wa sekondari, Ruashi: "Kila mwaka bajeti inapigiwa kura na ICCN imo. Kila mwaka tunasikia walinzi wanalia mishahara. Pesa zinaibiwa njiani?"

Mwalimu, neno "kuiba" tuliweke kando kwanza. Wizi upo, sikatai. Lakini ukianza nalo utaambiwa ulete ushahidi, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Uliza jambo ambalo lazima liwe limeandikwa mahali: zilipigiwa kura franga ngapi, na zilitoka ngapi?

Kura ya bungeni haitoi pesa, inatoa ruhusa. Kutoka kwenye ruhusa hiyo mpaka pesa kushikwa mkononi kuna milango minne. Kwanza ofisi inajifunga kwa matumizi fulani, tuseme buti za walinzi au mafuta ya gari. Pili, inahakikiwa kwamba buti zimefika kweli na deni ni la kiasi gani. Tatu, mwenye mamlaka anaamuru lilipwe. Nne, hazina inalipa. Kwenye karatasi za ofisini utakuta milango hiyo ikiitwa engagement, liquidation, ordonnancement na paiement. Yashike maneno haya, maana atakayetaka kukuzungusha atakuzungusha kwayo.

Faili linaweza kulala kwenye mlango wowote. Katika ofisi niliyofanyia kazi kulikuwa na gari lililokaa juu ya matofali miezi mingi, halina hata gurudumu moja. Mstari wa mafuta yake ulipita milango yote minne kila robo mwaka bila kukwama. Mstari wa kurekebisha paa lililovuja juu ya kichwa changu ulilala mlango wa tatu hadi 31 Desemba, mwaka wa bajeti ukafungwa, nao ukafa. Moja ya karatasi za yale mafuta ina saini yangu. Nilikuwa kijana, niliogopa, nikanyamaza. Inaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu naandika safu hii.

Sasa, ya kufanya. Wizara ya Bajeti hutoa majedwali ya kufuatilia matumizi, états de suivi budgétaire, ambayo yana safu za hiyo milango. Tafuta mstari unaohusu ICCN, usome safu ya kura na safu ya malipo. Kama kura ni kubwa na malipo ni madogo, tatizo liko juu, kwenye hazina, na kumtukana mkuu wa pariki ni kumwonea. Kama malipo yametoka na mlinzi aliye Lusinga, kituo cha pariki ya Upemba, hajaona kitu, basi swali linahamia ndani ya shirika lenyewe: listi ya malipo ina majina mangapi, na wanaosimama mstarini asubuhi ni wangapi? Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo watumishi hewa, na haihitaji mpelelezi kuiona. Inahitaji mtu wa kuhesabu.

Kuna jingine, mwalimu, na wanafunzi wako wanaweza kulielewa. Sheria ya 7 Julai 2008 inayohusu mashirika ya umma ya aina ya ICCN inayapa vyombo vitatu: baraza la utawala, kurugenzi kuu, na kundi la wakaguzi wa hesabu. Mkurugenzi mkuu tunamsikia redioni. Wakaguzi hatuwasikii kabisa. Kila mwaka tuulize ripoti yao iko wapi.

Tena tumezoea kupiga kelele Septemba, bajeti inapofikishwa bungeni, wakati kila kitu bado ni ahadi. Katiba, kifungu cha 173, inasema hesabu kuu ya Jamhuri inapelekwa bungeni kila mwaka na Cour des comptes, mkaguzi mkuu wa hesabu za Leta, pamoja na maoni yake, kisha inafungwa kwa sheria. Huko ndiko mwaka uliopita unakokaguliwa, na kwa maoni yangu ndiko redio zetu zingepaswa kupeleka kipaza sauti.

Dereva wa lori, Annexe: "Njia ya makala ina vizuizi vingi. Mmoja anasema yeye ni mazingira, mwingine ICCN, mwingine jimbo. Nani nimlipe?"

Kazi ya ICCN iko kwenye maeneo ya hifadhi. Misitu mingine iko chini ya utawala wa mazingira, na jimbo lina tozo zake. Tozo ya Leta kuu isiyo kodi hupitia DGRAD, ofisi ya Leta inayokusanya tozo hizo: unapewa note de perception, karatasi ya kudai malipo, unalipa benki. Na kifungu cha 174 cha katiba kinasema hakuna kodi bila sheria. Anayetaka franga mkononi bila karatasi hakusanyi kwa niaba ya Leta, hata akivaa kofia gani. Usibishane na mwenye bunduki. Andika mahali, tarehe na kiasi, na mkiwa madereva kumi wenye daftari kama hilo mtakuwa na kitu cha kupeleka mbele.

Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi: "Upemba na Kundelungu zinaendeshwa na Forgotten Parks kwa pesa za wafadhili. Hiyo si kodi yetu. Kwa nini tudai hesabu za pesa za watu?"

Mwanangu, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Ni kweli, ICCN ilitia saini na Forgotten Parks, shirika binafsi la kuhifadhi pariki, mwaka 2017. Pariki ya Garamba iko na shirika la African Parks tangu 2005, na pariki ya Virunga ina mshirika wake. Sioni aibu katika hilo. Upemba ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Tungeiachia hazina peke yake, leo labda tungewaonyesha watoto picha.

Lakini pariki imebaki mali ya Leta. Mlinzi ni mtumishi wa Leta, bunduki ni ya Leta, na kijiji kilichokatazwa kulima ni cha raia wa Leta. Gari la mradi likiingia kwa msamaha wa forodha, msamaha huo ni kodi ambayo sisi sote tumeiacha. Kwa hiyo hakuna pariki hata moja inayoendeshwa kwa pesa za wengine tupu.

Hapa sasa ndipo penye uchungu wangu. Mfadhili anapata ripoti yake, na risiti juu. Asipoipata anafunga bomba. Raia hapati hata nakala. Mhasibu yeyote hujifunza haraka anayepaswa kumwogopa ni nani, na humwogopa yule anayeuliza. Tukinyamaza, shirika letu wenyewe litazoea kujibu Ulaya na Marekani, na siku mvuvi akipigwa au shamba likiliwa na tembo, mwenye shamba hatajua agonge mlango upi.

Tudai mkataba wenyewe. Kwa madini, mafuta na misitu, amri ya 20 Mei 2011 inataka mikataba itangazwe ndani ya siku 60. Kama tunaweza kusoma mkataba wa shaba, nani ataniambia kwa nini tusisome mkataba wa pundamilia? Ndani yake tafuteni mambo haya: nani anaajiri, nani anashika akaunti ya benki, Leta inachangia nini, na siku mshirika akiondoka magari na majengo yanabaki kwa nani. Wanafunzi wa sheria na wa uchumi mkikaa pamoja jioni moja, mtaandika maswali bora kuliko yangu.

Mzaliwa wa kando ya Ziwa Upemba, anaishi Kampemba: "Wazazi wetu walikatazwa kuvua na kulima. Faida ya pariki hawajaiona. Sheria inasemaje kuhusu fungu letu?"

Ndugu, tazama kwanza majirani wa migodi. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 imegawa mrabaha kwa namba: asilimia 50 kwa Leta kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya chini kama sekta na chefferie (eneo la chifu), 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Namba hizo hazijafuta umaskini, lakini mtu wa Fungurume, penye migodi, anajua kuuliza "15 yetu iko wapi?" Wenu bado wanauliza kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Kwa hiyo daini namba. Kiingilio kilileta kiasi gani mwaka uliopita? Vijana wangapi wa vijiji vyenu wameajiriwa? Mazao yaliyoharibiwa yamelipwa? Mkataba na mpango wa usimamizi vinaahidi nini kwa kijiji, kwa tarehe gani?

Nisikudanganye pia. Watalii wanaokwenda kuona gorila wa milima hawaji kwetu. Maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, yanadondoka zaidi ya mita 340 na ni ya kustaajabisha, lakini njia ya kwenda ni ngumu na wageni ni wachache. Atakayewaambia kwamba tiketi zitajenga hospitali anawapotosha. Kinachoweza kudaiwa leo ni kazi, barabara, fidia, na heshima ya kuulizwa kabla ya mpaka kusogezwa.

Mfanyabiashara, Kamalondo: "Cour des comptes, IGF, majina makubwa. Wana meno?"

Yapo, ila si ya aina moja. IGF ni wakaguzi wa fedha za Leta walio chini ya Rais. Wanaingia ofisini, wanafungua makabati, wanaandika ripoti. Wakiondoka, kushtaki ni kazi ya mahakama. Cour des comptes yenyewe ni chombo chenye sura ya mahakama, na sheria yake ya 13 Novemba 2018 inaipa uwezo wa kuhukumu hesabu. Katiba, kifungu cha 180, inaweka wazi kwamba mashirika ya umma yamo chini ya ukaguzi wake. ICCN haina pa kujificha kisheria. Kuna pia wabunge wa taifa: kifungu cha 138 kinawapa swali la maandishi, swali la mdomo, kuitwa kwa waziri au mkurugenzi, na tume ya uchunguzi. Mbunge wa jimbo hana mkono wa moja kwa moja juu ya shirika la taifa, kwa hiyo msimchoshe bure. Mwende kwa yule mliyemtuma Kinshasa.

Jambo moja limenikaa rohoni. Agosti 2023 Marekani ilitangaza vikwazo vya viza kwa watu watatu, mmoja wao akiwa aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa ICCN, kwa tuhuma za kuuza nje wanyama wanaolindwa kwa vibali vya uongo. Sisi wa hapa tunajua biashara hiyo ina sura gani. Kituo cha J.A.C.K. kimetunza sokwe walionyang'anywa wauzaji tangu 2006, papa hapa mjini. Septemba 2022 watoto watatu wa sokwe waliibwa mle ndani na wezi wakadai fidia. Kibali cha uongo huanza kwenye meza, kwa muhuri na kalamu, halafu mtoto wa sokwe anafungwa kwenye sanduku. Viza ya mtu kukataliwa haituambii ni vibali vingapi vilitoka, nani alilipwa, na pesa zilipita akaunti gani. Hayo yanataka ukaguzi wetu, kwa lugha zetu, usomwe hadharani.

Mstaafu wa reli, Makomeno: "Nikiandika barua nitaitwa adui wa Leta. Na nitajibiwa kweli?"

Mzee wangu, kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inajibu ndani ya miezi 3. Anayetumia katiba ya nchi yake hawi adui wa nchi yake.

Andika ukurasa mmoja. Usitukane, usimtaje mwizi. Omba mambo manne: ripoti ya wakaguzi wa hesabu ya mwaka uliofungwa, kiasi kilichopigiwa kura na kilicholipwa, idadi ya walinzi kwa kila pariki ya jimbo letu, na nakala ya mkataba wa mshirika. Tieni saini wengi, maana barua ya mtu mmoja hupotea kirahisi. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, usiondoke dirishani kabla hujauona umegongwa. Ile yenye muhuri itunze nyumbani, na kwenye kalenda zungushia siku ambayo miezi 3 itatimia. Siku hiyo niandikie, jibu liwe limekuja au halikuja.